Kinanda cha Zamani kwa Karibu Milioni Mbili: Sauti Halisi au Kiki Tu?

Chanzo cha yote ni picha moja. Prodyuza mmoja mwenye jina kubwa mjini, yule ambaye saini yake husikika mwanzoni mwa wimbo kabla hata msanii hajafungua mdomo, aliposti kinanda cheusi cha zamani kikiwa juu ya meza ya studio, taa ya zambarau nyuma, na maneno matatu tu chini yake: "Sauti halisi imerudi." Basi. Hakusema ni mashine gani, hakuweka hata sekunde tano watu wakaisikia. Ndani ya siku mbili makundi ya WhatsApp ya maprodyuza wa kitaa yakawa hayana habari nyingine. Kila mwenye kompyuta na spika mbili gheto akaanza kuulizia sinthesaiza ya analogi, bei gani, inapatikana wapi, nani anaagiza.

Wenye macho makali waliivuta ile picha wakagundua jambo. Kinanda hakikuwa na waya hata mmoja. Wa umeme hakuna, wa sauti hakuna. Mashabiki wakamtetea kwamba vinanda vingine vya enzi hizo hutumia betri. Sawa, betri inaweza kuwasha kinanda, ila haiwezi kupeleka sauti kwenye spika bila waya. Mwenyewe kapiga kimya mpaka leo.

Kwake yeye hiyo ni picha tu. Kuna mtu mwingine, huko Tandika, ambaye picha hiyohiyo imemgharimu.

Ni dogo wa miaka 23, anatengeneza biti kwenye chumba alichobandika magodoro mawili ukutani kuzuia kelele zisiwafikie majirani. Kompyuta yake ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na ikipata joto huzima yenyewe bila kuaga. Mama yake ni mfanyabiashara sokoni na yumo kwenye mchezo wa akina mama wenzake. Zamu yake ya kupokea ilikuwa karibu, na alishamwahidi mwanaye kwamba safari hii fungu kubwa litakuwa lake, anunue kompyuta ya maana, kazi isisimame. Dogo naye alikuwa na akiba yake. Ukijumlisha, mkwanja wa kompyuta nzuri ulikuwepo, na chenji ingebaki.

Akaagiza kinanda.

Sio cha hovyo, tumtendee haki kijana. Alifanya utafiti. Alijua kwamba mashine zinazosifiwa sana, kama Roland Juno-106 ya mwaka 1984, bei zake zimeshapaa na si za mtu wa Tandika. Akatafuta kile ambacho mitandaoni kinaitwa "analogi ya mtu wa kawaida", akaangukia kwenye Korg Poly-800. Akampata muuzaji Ujerumani. Kinanda chenyewe kwa hela ya hapa ni milioni moja na laki moja, usafiri laki nne na nusu, ushuru na kodi laki tatu na ushee. Piga hesabu mwenyewe. Kilipofika, funguo tatu zilikuwa hazitoi sauti na kumbukumbu yote imefutika.

Sasa, kabla ya kumcheka, ni vizuri kujua amenunua nini.

Poly-800 ilitoka Japani mwaka 1983. Wakati huo sinthesaiza inayoweza kupiga noti nyingi kwa mpigo na kuhifadhi sauti ulizozitengeneza ilikuwa kitu cha matajiri na studio kubwa. Korg wakaja na kinanda cha funguo 49, chepesi, chenye nafasi 64 za kuhifadhi sauti, kwa bei isiyofika dola 1,000. Kina hata vishikizo vya mkanda ili ukivae shingoni kama gitaa, na kinatumia betri sita za wastani au adapta ya volti 9. Kwa mpiga muziki wa bendi ya harusi mwaka ule, hiyo ilikuwa habari njema kweli kweli.

Lakini ili bei ishuke, kuna vitu vilikatwa. Kubwa zaidi ni filta. Filta ndiyo inayofungua na kufunga mng'ao wa sauti. Ile "waaauuu" unayoisikia sauti ikifunguka taratibu, hiyo ni kazi yake. Kwenye Juno-106 kila moja ya noti zake sita ina filta yake. Kwenye Poly-800 noti zote nane zinapita mlango mmoja. Shika kodi, iache iwe inafifia, kisha ongeza noti moja: kutegemea ulivyoiseti, filta inaweza kuanza upya kwa zote, na ile kodi uliyoishika inashtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wapo wanaoipenda tabia hiyo. Wengi huwakera.

La pili ni vidole. Watu wanaposema wanataka analogi ili "washike sauti kwa mkono", picha waliyo nayo kichwani ni vitufe vingi vya kuzungusha, kila kimoja na kazi yake. Poly-800 haina hiyo. Unabonyeza namba ya kitu unachotaka kubadilisha, kisha unabonyeza juu au chini, juu au chini, kama mtu anayerekebisha saa ya mezani baada ya umeme kukatika. Dogo alisema wazi kwa washkaji zake kwamba panya wa kompyuta ana kasi zaidi.

Na la tatu litawauma wale wa "sauti halisi". Chanzo cha sauti ndani ya Poly-800 kinaendeshwa kidijitali. Ndiyo maana haipotezi tuni. Mashine za kabla yake, kama Moog Prodigy ya mwaka 1979, zina oskileta za analogi kabisa, na hizo zikipata joto huanza kuteleza, unapiga do inatoka kitu kilicho jirani na do. Joto la Dar mwezi wa pili lingezifanya ziimbe taarabu kwa lafudhi ya ajabu. Kwa hiyo kinachoitwa analogi kwenye Poly-800 ni sehemu ya safari tu, hasa ile filta. Watu wanalipia neno "analogi" bila kuuliza limeishia wapi.

Inasikikaje? Nzuri, lakini nyembamba. Ina korasi ya ndani inayopanua sauti, nyuzi zake za bandia zina huzuni fulani tamu, na sauti za aina ya ogani zinaiva. Besi yake si ya kubomoa ukuta. Mtu aliyezoea besi za amapiano ataiangalia kwa huruma.

Turudi kwa dogo na funguo zake tatu. Alimpelekea fundi mmoja wa Kariakoo, mzee wa redio na amplifaya, mtu asiyejua lolote kuhusu Poly-800 lakini anaijua shida. Shikamoo, marahaba, mzee akafungua kinanda, akakuta vumbi na ukungu kwenye vile vipira vinavyogusa saketi chini ya funguo. Akafuta kwa spiriti, funguo zikarudi, akachukua elfu thelathini. Kumbukumbu nayo ilirudishwa kwa njia inayochekesha: mashine ina tundu la kaseti, kwa sababu mwaka 1983 sauti zilihifadhiwa kwenye kanda. Dogo akachukua simu, akapakua faili la sauti za kiwandani, akachomeka simu kwenye lile tundu, akabonyeza pleya. Makelele kama ya faksi kwa muda kidogo, kisha sauti zote 64 zikawa ndani. Siku hiyo gheto zima lilikuwa na mzuka. Hapo asidanganywe mtu, ni raha ambayo programu haiwezi kukupa.

Ila fundi alimwambia jambo moja wakati anafunga skrubu. Vumbi linafutika, chipu haifutiki. Chipu za ndani za mashine hizi haziundwi tena na waliozitengeneza, na ikifa moja ya zile kubwa, spea yake ni kinanda kingine kilichokufa kwa ugonjwa tofauti. Hata Juno-106 inayoabudiwa ina maradhi yanayojulikana dunia nzima: chipu za sauti zake sita zilifunikwa kwa utomvu mgumu ambao kwa miaka unaharibu saketi, sauti inaanza kukwaruza au kunyamaza. Ulaya na Marekani kuna watu wanaoziloweka kwenye asetoni kuondoa ule utomvu, na wengine wanaouza chipu mbadala. Huku utaagiza, utasubiri, utalipa ushuru tena, kisha utafute fundi ambaye mkono hautetemeki.

Halafu kuna umeme wenyewe, na hapa mtu anaweza kuua mashine sekunde ya kwanza. Vinanda vingi vya zamani vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia vinatoka Japani, na umeme wa Japani ni volti 100. Wa Tanzania ni 230, Kenya 240. Poly-800 inasamehe kwa sababu ya adapta yake ya nje, unabadilisha adapta tu. Mashine zenye transfoma ndani hazisamehi. Ukichomeka moja kwa moja ukutani utasikia harufu kabla ya kusikia noti. Na mtu wa pwani asisahau chumvi na unyevu wa hewa. Chuma cha mlango kinaliwa, sembuse miguu ya chipu ya miaka arobaini.

Haya, watetezi watasema gharama zote hizo ni halali kwa sababu sauti haina mfano. Hilo nalo lilipimwa. Kuna dada mmoja rafiki wa dogo, kazi yake ni kutengeneza matangazo ya redio, mtu wa masikio. Akarekodi kodi nne kwenye kinanda kile. Kisha akapakua Fury-800, programu ya bure kabisa iliyotengenezwa kuiga Poly-800, akapiga kodi zilezile kwa sauti ileile. Akatuma vipande vyote viwili kwenye kundi bila kusema kipi ni kipi. Mabishano yalikesha. Wale waliokuwa wakipaza sauti zaidi kuhusu "joto la analogi" ndio walioichagua programu. Mmoja alieleza kwa kirefu jinsi anavyousikia umri wa saketi. Alipoambiwa kwamba hiyo ni faili la bure, akatoka kwenye kundi.

Kipimo kile hakina usayansi, na ukikaa na spika nzuri ndani ya chumba kilichotulia, mtu aliyezoea atasikia tofauti. Lakini wimbo utasikilizwa wapi? Kwenye simu, kwenye bodaboda, kwenye spika ya bluetooth ya muuza chipsi, baada ya kubanwa na WhatsApp mara tatu. Hakuna msikilizaji wa Mbagala atakayesimamisha daladala kwa sababu filta ilikuwa ya kweli.

Hoja inayotajwa sana kuutetea ununuzi huu ni historia. Wanasema angalia Chicago, angalia Detroit, muziki wote wa kielektroniki umezaliwa na mashine za zamani za analogi. Ni kweli, lakini wanaisimulia kwa kuanzia katikati. Chukua Roland TB-303. Iliundwa kuwa mpiga besi wa bandia, ili mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate mwenzake. Ilikuwa mbaya kwa kazi hiyo. Haikusikika kama gitaa la besi hata kidogo, kuipanga ilikuwa tabu, na ilipofika 1984 uzalishaji ukasimamishwa. Wakati huohuo Yamaha walikuwa wametoa DX7 mwaka 1983, ya kidijitali, na kila mwenye pesa akaikimbilia. Analogi ikawa kama televisheni ya chogo mbele ya flati. Zikajaa kwenye maduka ya vitu vya mtumba na ya rehani, za bei ya kutupwa.

Vijana weusi wa Chicago wasio na pesa ndio waliozikuta huko. Kundi la Phuture likaichukua TB-303, likaanza kuzungusha vitufe vyake wakati inapiga, jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu cha maelekezo, na mwaka 1987 ikatoka "Acid Tracks". Aina nzima ya muziki ikazaliwa kwenye mashine iliyokataliwa. Leo TB-303 moja inauzwa kwa maelfu ya dola, na wanaoinunua ni watu wenye pesa za kununua historia ya wasio na pesa.

Kwa hiyo anayetaka kuiga Chicago ajiulize: kitu gani leo kimekataliwa, kiko chini, hakuna anayekitamani, na kinapatikana bila kukopa? Hakika si kinanda kinachoagizwa Ujerumani kwa karibu milioni mbili.

Na jibu liko hapahapa mjini, tena liko miaka mingi. Singeli. Muziki uliokulia kwenye vigodoro vya uswahilini, unaokimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika, ulijengwa na watu waliochukua vipande vya vinanda vya taarabu, wakavirudiarudia, wakavikimbiza kwa kompyuta za bei nafuu zenye FL Studio na Virtual DJ. Hawakusubiri sauti halisi. Walichukua sauti ambayo tayari ilikuwa inapigwa kwa jirani. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na wazungu wenye kabati zilizojaa Moog na Juno wakashangaa hii kitu imetoka wapi. Baadaye madogo wa singeli wakaanza kupanda ndege kwenda kwenye matamasha ya Ulaya. Yaani wenye mashine waliwalipa wasio na mashine waje wawachezeshe.

Sasa mtu wa Tandika, aliyezungukwa na muziki huo pande zote, anatuma pesa Ulaya kununua sauti. Hapo ndipo panapouma.

Kuna wanaomtaja Mnaijeria William Onyeabor, aliyetengeneza albamu zake mwenyewe huko Enugu kati ya 1977 na 1985 akiwa amezungukwa na sinthesaiza, dunia ikaja kumgundua upya baada ya lebo ya Luaka Bop kutoa mkusanyiko wake mwaka 2013. Mfano mzuri, muziki mtamu. Ila Onyeabor alikuwa mfanyabiashara. Hakuchagua kati ya sinthesaiza na chombo pekee kinachomwingizia kula. Na zile mashine kwake hazikuwa za zamani. Zilikuwa teknolojia mpya ya wakati wake.

Wengine wanasema mashine ya zamani inakufundisha kutengeneza muziki kwa vitu vichache, akili inachangamka. Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, na haipaswi kudharauliwa. Mtu mwenye programu 300 kwenye kompyuta anaweza kumaliza usiku mzima akichagua sauti ya kengele. Lakini nidhamu hiyo ni bure. Futa programu 299. Weka Fury-800 peke yake mwezi mzima uone kama una nyimbo au ulikuwa na visingizio. Na kama mtu anataka kweli kitu cha kushika, zipo analogi mpya: Korg Volca Keys, iliyotoka 2013, noti tatu, vitufe vya kuzungusha, betri sita ndogo za kalamu, bei ya chini sana kuliko hayo yote. Haina historia ya kuposti, ndiyo kasoro yake.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema hakuna anayestahili kuwa nacho. Tanga kuna mwanamama mpiga kinanda wa bendi ya harusi, mtu mzima, ana Poly-800 yake. Aliinunua kwa laki mbili kutoka kwenye stoo ya kundi lililovunjika, ilikokuwa imefunikwa turubai chini ya maspika. Hajawahi kuiposti, hata jina lake alikuwa halijui mpaka alipoulizwa. Kazi zake zote hupiga kwa kinanda cha kisasa, na kile cha zamani hukiwasha kwa sauti moja tu, nyuzi fulani nyembamba anazozitumia wimbo ukifika pale wanawake wanaposimama kutunza. Kikifa leo, harusi ya Jumamosi inaendelea. Umeme ukikatika, anakiweka betri na kukipitisha kwenye spika inayobebeka wakati jenereta linatafutwa. Alichonunua ni sauti moja anayoijua, kwa bei ambayo hata ikipotea hakuna mtoto atakayekosa ada.

Dogo wa Tandika alinunua kinyume cha hapo. Wiki ya tatu tangu kinanda kifike, ile kompyuta ilizima na haikuwaka tena. Ndani yake kulikuwa na kazi ya mwanadada mmoja mwimbaji wa Temeke, anayechipukia, aliyekuwa ametanguliza laki moja na nusu. Sauti alizorekodi, mdundo, kila kitu, hakuna nakala popote. Mwanadada alisubiri siku kumi, akaomba hela yake, hela haikuwepo, akaenda kurekodi upya studio nyingine. Wimbo umeshatoka na unasikika kwenye baadhi ya baa za huko kwao, mwanzoni ukiwa na saini ya prodyuza mwingine. Laki moja na nusu bado anadaiwa.

Kinanda kinafanya kazi vizuri. Mpaka sasa kimeingiza elfu sitini: mara mbili kimekodishwa kwenye kushuti video, elfu thelathini kwa siku, kiwekwe nyuma ya msanii kipendezeshe picha. Mara zote mbili hakikuwashwa.

Mama hajafoka. Anauliza tu, akirudi sokoni jioni, kama ile piano imeshaanza kulipa. Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Mikocheni, mtu wa kukusanya vitu vya zamani, ameweka mezani milioni moja taslimu, anakuja kukichukua mwenyewe. Dogo ameusoma ujumbe, hajajibu. Usiku hukiwasha, hushika kodi moja ndefu, na majirani wanasema kwa mara ya kwanza hawana malalamiko ya kelele.

Wadau, milioni moja achukue au akatae?